Mtume na Mtumwa: Paulo wa mji wa Saint Paul



Jambo lenyewe lilianzia kanisani, na lilikuwa dogo. Ilikuwa Jumapili ya 4 ya Majilio, katika ibada yetu ya Kiswahili ambayo huanza saa nane mchana, baada ya wenye jengo kumaliza ya kwao. Msomaji alikuwa binti wa miaka 19, mzaliwa wa hapahapa Minneapolis, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Somo lilikuwa mwanzo wa Waraka kwa Warumi. Biblia iliyoko pale mimbarini ni Union Version, ile ya 1952, na mstari wake wa kwanza unamtambulisha Paulo kwa maneno mawili: kwanza ni mtumwa, halafu ni mtume. Binti alifika kwenye lile neno la kwanza akasita kama mtu aliyeona shimo njiani, akasema "mtumishi", akaendelea.

Tulipokuwa kwenye chai nilimfuata. Si kumgombeza, jamani, ni ugonjwa wa kazi tu. Nikamuuliza kama alikuwa amezoea Habari Njema, maana humo neno ni mtumishi. "Hapana, Anko," akasema. "Niliona kilichoandikwa. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu, katika nchi hii, nikalisema neno mtumwa kama kitu kizuri." Mama yake akamkonyeza anyamaze. Mimi nikaanza mhadhara kuhusu mzizi -tuma. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na nilipomaliza nikaona wazi kwamba sikuwa nimemjibu.

Basi wiki ile nikapanda basi kwenda ng'ambo ya mto, kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, kwa hiyo naingia mle kama mgeni, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kutazama tu. Mji ule umepewa jina la mtume, na jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1841 padri Mfaransa, Lucien Galtier, alijenga kanisa dogo la magogo juu ya genge la mto Mississippi na kuliita la Mtakatifu Paulo. Kabla ya hapo wazungu waliokaa pale waliliita eneo hilo Jicho la Nguruwe, kwa lakabu ya muuza pombe mmoja, Pierre Parrant. Wadakota wenyewe walikuwa na jina lao, Imnizaska, miamba myeupe, ila hakuna aliyewauliza. Galtier alieleza sababu yake baadaye: ng'ambo, pale Mendota, kulikwisha kuwa na kanisa la Petro, na Petro na Paulo huenda pamoja. Sababu ya kuoanisha tu, kama mtu anayewapa mapacha majina.

Kanisa la sasa ni jengo kubwa kwelikweli. Askofu Mkuu John Ireland alimwita Emmanuel Masqueray, Mfaransa aliyesimamia usanifu wa maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, ujenzi ukaanza 1906, na misa ya kwanza ikasomwa 1915. Mawe ni matale ya hukuhuku Minnesota, kimo chake ni zaidi ya futi 300. Nyuma ya madhabahu kuna vikanisa 6, kwa ajili ya watakatifu wa mataifa yaliyohamia hapa: Patriki wa Waayalandi, Bonifasi wa Wajerumani, Sirili na Methodi wa Waslavi, na wengineo. Madhabahu yenyewe imezungukwa na viambaza vya shaba vyenye visa vya maisha ya Paulo. Mwaka 2009, mwishoni mwa mwaka wa Paulo uliotangazwa na Papa Benedikto, Roma ililifanya kuwa mahali pa hija pa taifa zima kwa heshima ya mtume huyu. Kwa ufupi, ukitaka kumwona Paulo alivyoheshimiwa na kanisa la Magharibi, huna haja ya kwenda Roma. Shuka basi pale juu kilimani.

Nikakaa kwenye benchi nikajiuliza: huyu anayeheshimiwa hapa ni Paulo yupi?

Tuanze na upanga. Ukitaka kumtambua Paulo katika kanisa lolote la Magharibi, tafuta mzee mwenye upara, ndevu ndefu, kitabu na upanga. Upara ule hautoki katika Biblia. Unatoka katika Matendo ya Paulo na Thekla, maandishi ya karne ya 2 yanayomwelezea kuwa mtu mfupi, kipara, mwenye matege, nyusi zilizokutana na pua iliyopinda kidogo. Tertuliano anasema kasisi aliyeyatunga alivuliwa kazi yake. Kanisa likamfukuza mwandishi, likaweka picha. Ndevu zimerefushwa na wachoraji, matege yameachwa. Sijawahi kuona Paulo wa marumaru mwenye matege.

Upanga nao hautoki katika Matendo ya Mitume. Kitabu kile kinamwacha Paulo Roma, katika nyumba ya kupanga, akihubiri miaka 2, na hapo kinakatika. Habari ya kukatwa kichwa zama za Nero ni mapokeo ya kanisa, na kwa raia wa Roma ni kifo kinachoaminika. Kwa hiyo upanga ni silaha iliyomuua. Lakini tazama unavyoshikwa. Watakatifu wengi hubeba vyombo vya mateso yao, Laurenti na chanja lake la chuma, Katerina na gurudumu lake. Hakuna anayefikiri Laurenti ni mpishi. Paulo, kwa kushikishwa upanga wima, mpini mkononi, amegeuka kuwa jemadari. Mtu asiyejua kisa akimwona pale atadhani ni yeye aliyekuwa akiwakata wengine. Wenye kumtetea mchongaji hutaja Waefeso sura ya 6, pale neno la Mungu linapoitwa upanga wa Roho. Sawa. Ila katika sura hiyohiyo, mistari 12 tu kabla ya upanga, kuna agizo kwa watumwa wawatii mabwana zao. Wachongaji wakauchukua mstari wa 17, wahubiri wa mashambani huku Marekani wakauchukua wa 5. Na wataalamu wengi hata hawakubali kwamba waraka ule uliandikwa na Paulo mwenyewe!

Halafu farasi. Safari ya Dameski inasimuliwa mara 3 katika Matendo, sura ya 9, ya 22 na ya 26, na masimulizi hayakubaliani katika mengi: nani alisikia sauti, nani aliona mwanga, nani alianguka. Farasi hayumo katika hata moja. Tena tunaambiwa alishikwa mkono akaongozwa mpaka mjini, jambo linalofanana zaidi na mtu aendaye kwa miguu. Farasi ameingizwa na wasanii. Michelangelo anaye katika kikanisa cha Paolina pale Vatikani, miaka ya 1540, anakimbia kuelekea nyuma ya picha. Caravaggio anaye, 1601, katika Santa Maria del Popolo, naye amejaza karibu picha nzima: tako la farasi, ukwato ulioinuliwa, na Paulo chini chali, mikono wazi kama mtoto anayetaka kubebwa. Nakiri ile ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote duniani. Lakini tuelewe farasi anafanya kazi gani. Ili mtu aanguke kwa kishindo lazima kwanza apandishwe juu. Farasi anampa Paulo cheo ambacho maandiko hayakumpa, halafu tunamwonea huruma kwa kukipoteza.

Kumbe Paulo mwenyewe, katika barua zake, hajisifu kwa anguko la Dameski. Katika Wagalatia anasema kwa maneno machache tu kwamba Mwana alifunuliwa kwake, basi. Akitaka kujisifu, katika Wakorintho wa Pili, anataja viboko, kupigwa mawe, kuvunjikiwa na jahazi mara 3, na mwishoni kabisa anataja kapu. Ndiyo, kapu, alilowekwa ndani yake na kuteremshwa dirishani ukutani pa Dameski usiku, akitoroka. Hicho ndicho kilele cha sifa zake: mtume ndani ya kapu kama mihogo ya sokoni. Mafundi wa vijiwe vya rangi kule Sisilia, katika karne ya 12, walilielewa hilo, na ukienda Monreale utamkuta Paulo kapuni. Baada ya hapo farasi akashinda.

Ni mmoja tu, kwa maoni yangu, aliyemkaribia mwenyewe. Rembrandt mwaka 1627, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alimchora Paulo gerezani: mzee kakaa kitandani, kavua ndara moja, kalamu mkononi, anafikiri neno linalofuata. Upanga upo, umeegemezwa tu kama mwavuli wa mgeni. Picha hiyo iko Stuttgart. Na mwaka 1661, mwenyewe akiwa mzee aliyekwisha filisika, alijichora kama Paulo, nyusi juu, karatasi mkononi, mpini wa upanga ukichungulia kwenye koti. Ni mtu anayeandika barua, na barua haijaisha.

Sasa nirudi kwenye lile neno, maana hapa Kiswahili kinaona kitu ambacho shaba na marumaru havionyeshi. Kigiriki kina maneno mawili yasiyo na undugu: doulos, mtu anayemilikiwa, na apostolos, mtu aliyetumwa. Kiingereza hakiyaunganishi. Kiswahili kimeyatoa katika tumbo moja. -Tuma imezaa mtume, imezaa mtumwa, imezaa mtumishi, imezaa hata tume, zile za uchunguzi ambazo ripoti zake hatuzioni. Ndugu zetu wa pwani watanikumbusha, na ni haki yao, kwamba ukisema Mtume bila kuongeza jina, Waswahili wengi wanaelewa Muhammad, na kwamba katika tenzi za kale za kaskazini anaitwa Tumwa. Tumwa! Umbo la kutendwa, lenyewe hasa, ndilo lililobeba heshima kubwa kuliko zote. Kutumwa na aliye juu hakukuwa aibu. Aibu ilitegemea aliyekutuma ni nani na alikupata vipi.

Huo ndio mhadhara niliompa binti. Ni kweli tupu, na haukumsaidia. Maana neno halikai katika kamusi peke yake, linakaa mahali. Union Version iliunganisha kazi za watafsiri wa Unguja na wa Mombasa. Huko Unguja, Askofu Edward Steere alitafsiri akiwa katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa palepale sokoni. Madhabahu yake inasemekana imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Aliyesikia neno mtumwa likisomwa katika kanisa lile mwanzoni hakusikia sitiari. Wengine katika mabenchi walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo mwanzo wa Warumi uliwahi kusomwa kwa uzito wa namna ile, na sidhani tunalo jina la hata mmoja aliyesita kama binti yetu alivyosita.

Na hapa Minnesota je? Kutoka kwenye ngazi za kanisa kuu mpaka Fort Snelling ni maili chache tu. Pale ngomeni, kuanzia 1836, aliishi Dred Scott, mali ya daktari wa jeshi, na palepale akamwoa Harriet Robinson, katika eneo ambalo sheria ya 1820 ilikataza utumwa. Waliondolewa hapa mwaka 1840, mwaka uleule Galtier alipofika Mendota. Walipodai uhuru wao kwa sababu ya kuishi katika ardhi huru, Mahakama Kuu ikawajibu mwaka 1857 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia na kwa hiyo hana hata haki ya kushitaki. Wakati huo watetezi wa utumwa walikuwa na mtume wao, na jina lake ni Paulo. Walikuwa wakiutaja Waraka kwa Filemoni kama agizo lake la kuwarudisha watoro: tazameni, Paulo alimrudisha Onesimo kwa bwana wake. Mhubiri mmoja wa Georgia, Charles Colcock Jones, aliwahubiria watumwa waraka huo katika miaka ya 1830, na yeye mwenyewe ameandika kwamba nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaondoka.

Howard Thurman, katika kitabu chake cha 1949, anasimulia habari za bibi yake aliyezaliwa utumwani. Thurman alikuwa akimsomea Biblia, na bibi hakutaka kusomewa Paulo, isipokuwa mara mojamoja ile sura ya upendo katika Wakorintho wa Kwanza. Alipokuja kumuuliza sababu, bibi alisema mhubiri wa bwana wao alikuwa anachagua Paulo kila mara, watumwa tiini, na alimwahidi Muumba kwamba akipata uhuru hataisoma sehemu ile tena. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma kisa hiki nikakiona kama habari za mapokeo ya maandiko. Sasa nakiona kama uhakiki wa maandiko, tena wa daraja la juu. Yule bibi alijua tofauti kati ya mtume na upanga waliomshikisha.

Basi nikaufungua Filemoni palepale kwenye benchi. Ni waraka mfupi, mistari 25, nimeusoma tangu kipaimara, na siku zote nilikuwa naupita mstari wa kwanza bila kuutazama. Katika Warumi Paulo anaanza kwa kujiita mtumwa. Katika Wafilipi, yeye na Timotheo ni watumwa. Katika Tito, mtumwa tena. Katika Filemoni, waraka pekee unaomhusu mtumwa wa kweli, mwenye jina, aliyesimama pale akisubiri bahasha, Paulo hajiiti mtumwa. Hajiiti hata mtume. Anajiita mfungwa.

Nadhani mnaona. Paulo alitazama nani yupo chumbani. Neno alilokuwa amelitumia kujipamba kiroho kwa Warumi, hakulitumia mbele ya mtu ambaye kwake halikuwa pambo. Alichukua neno ambalo kwake lilikuwa kweli siku ile, minyororo mkononi, akaliweka hilo. Sisemi hili linamsafisha. Waraka unasitasita, unabembeleza, unataka Filemoni ajiamulie mwenyewe, na hakuna mahali unapotamka waziwazi kwamba Onesimo awe huru. Ningependa angetamka. Makanisa mengi na watu wengi sana wangepona. Lakini katika suala la neno lile, Paulo alifanya alichofanya binti wetu mimbarini.

Ndiyo maana nalalamika juu ya sanaa. Miaka mia tano ya farasi, na Onesimo yuko wapi? Ikoni za Kiorthodoksi ninazozijua zinamwonyesha akiwa mtakatifu aliyekwisha kukamilika, siku yake ni tarehe 15 Februari, na mapokeo mengine yanamfanya askofu wa Efeso. Namtaka yule wa kabla ya hapo, anayetembea kuelekea kwa bwana wake na Tikiko ubavuni, amebeba barua inayomhusu yeye, huenda hajui kuisoma. Mtumwa aliyetumwa. Ni picha inayoomba kuchorwa, na anayeweza kuichora ni mtu anayejua kwamba maneno yale mawili ni ndugu. Elimo Njau wa Marangu alipopewa ukuta wa kanisa la Murang'a katika miaka ya 1950, alimleta Kristo katika vilima vya Wakikuyu, kuzaliwa mpaka kusulubiwa, na kanisa lile liliwekwa kwa kumbukumbu ya wafiadini wa wakati wa Mau Mau. Uwezo tunao. Paulo wetu bado ni kalenda ya ukutani iliyochapwa Ulaya, upanga juu.

Nisimsahau mwingine. Si mbali na kanisa kuu kuna parokia ya Mtakatifu Petro Klaveri, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za John Ireland huyohuyo, kwa Wakatoliki weusi wa Saint Paul. Klaveri, Mjesuiti wa Kihispania kule Cartagena, alipoweka nadhiri zake za mwisho mwaka 1622 alisaini kwamba yeye ni mtumwa wa Waafrika milele. Hapo neno linarudi limepinduliwa, na anayelitamka ni mtu huru, mzungu, akiwaangalia wenye minyororo. Je, ni heshima, au ni kujipamba kulekule? Nimekwenda mara 2 kwenye parokia ile na bado sina jibu ambalo ningethubutu kumpa binti.

Nilimkuta tena Jumapili iliyofuata, nikamweleza habari ya mstari wa kwanza wa Filemoni. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo Paulo naye aliliruka?" Nikasema aliliruka. Nikamwambia pia kwamba mimi, ningekuwa msomaji, Warumi ningeisoma ilivyoandikwa, maana sitaki kumsaidia Paulo kujificha. Akasema, "Wewe ni profesa, Anko, wewe watu hawakuangalii mimi ninavyoangaliwa." Sikubishana. Filemoni husomwa kanisani mwezi Septemba, mara 1 katika miaka 3. Akatoa simu yake, akaitafuta, akashuka mpaka mstari wa 16, pale Onesimo anaporudishwa si kama alivyokuwa bali kama ndugu. Lile neno limo humo mara 2.

"Hili hapa nitalisoma," akasema.

Sasa naomba msaada wenu. Kama kuna aliyewahi kumwona Onesimo amechorwa au kuchongwa katika kanisa lolote la Afrika Mashariki, iwe Bagamoyo, iwe Masasi, iwe Freretown au Bukoba, aniambie ni wapi na yuko katika hali gani: amebeba barua, au mikono mitupu?